Bahari Iko Wapi Huku? Historia Fupi ya Wapima Maji, Kutoka Jinja Hadi Mto Mara

Mwambie mtu wa Nyamongo au Mugumu kwamba unasomea sayansi ya bahari, uone atakavyokutazama. Swali la kwanza litakuwa: bahari iko wapi huku? Ni swali halali kabisa. Kutoka Tarime hadi pwani ya Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari ulionyooka. Huku watu wanajua ng'ombe, mahindi, dhahabu, na kwa upande wa Serengeti, nyumbu na watalii.

Lakini hebu tuangalie ramani vizuri. Wilaya za Tarime na Serengeti zinatazamana kwenye kingo mbili za Mto Mara. Mto huo unaanzia kwenye milima ya Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Hifadhi ya Serengeti, kisha unaingia Ziwa Victoria baada ya safari ya karibu kilomita 400. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba 68,000 na ushee, na ukiwa katikati yake huoni nchi kavu upande wowote. Anayesoma bahari anaitwa mwanaokeanografia, anayesoma maziwa na mito ni mwanalimnolojia. Majina ni mawili ila kazi zinafanana sana: kupima joto la maji kwa kila kina, oksijeni, virutubisho, mwani na samaki. Aliyejifunza kazi hiyo ziwani hapati shida kuifanya baharini, na wa baharini vilevile ziwani.

Sasa, kwa nini hili ni jambo la kuandikia historia? Kwa sababu ya kilichotokea Machi 2022. Maji ya Mto Mara upande wa chini yaligeuka meusi, yakatoa harufu, na samaki wakaelea wamekufa. Watu wote waliuliza swali moja: nini kimeua mto? Ila kuna swali la pili, ambalo kwa mtafiti ndilo gumu zaidi: kabla ya siku ile, nani alikuwa anapima? Ili kulijibu inabidi turudi nyuma karibu miaka 100.

Ngege anapata jina la kizungu

Mwaka 1927 mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alikuja kufanya uchunguzi wa kwanza wa kisayansi wa Ziwa Victoria zima. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Nyavu za kisasa zilikuwa zimeingia mwanzoni mwa karne, na samaki mmoja mtamu, ngege, alikuwa ameanza kupungua kwenye nyavu. Ripoti ya Graham ilitoka mwaka 1929, ikapendekeza nyavu zenye matundu madogo kuliko inchi 5 zipigwe marufuku, na pia iundwe mamlaka ya kusimamia ziwa zima na kukusanya takwimu.

Mwaka 1928 Graham alimwandika ngege kwenye vitabu vya sayansi kama spishi mpya. "Mpya" hapo ina maana yake, kwani ngege ni jina la Kijaluo, na watu wa mwambao walikuwa wakimvua na kumla vizazi na vizazi kabla ya hapo. Walijua anazalia wapi, anapatikana msimu gani, na mtego gani unamfaa. Kitu ambacho hawakuwa nacho ni daftari la vipimo ambalo mtu wa miaka 30 baadaye angeweza kulifungua na kulinganisha. Naomba ukumbuke hilo la daftari, maana ndiyo mada yetu hasa.

Ajira zilikuwepo, ila za nani?

Pendekezo la kusoma ziwa kwa mfululizo lilichukua karibu miaka 20 kutekelezwa. Mwaka 1947 lilianzishwa Shirika la Utafiti wa Uvuvi la Afrika Mashariki, EAFRO, makao yake Jinja, Uganda. Upande wa bahari likaja shirika pacha, EAMFRO, lililoweka makao yake Zanzibar. Hapo ndipo utafiti wa maji Afrika Mashariki ulipogeuka kuwa kazi ya kudumu yenye mshahara, boti na maabara.

Lakini mlango wa ajira hizo ulikuwa mwembamba. Mfano mzuri ni Rosemary Lowe, Mwingereza aliyejiunga na kituo cha Jinja mwaka 1948 baada ya kusoma samaki wa Ziwa Nyasa. Alikuwa kati ya watu waliowajua zaidi perege, ngege na ndugu zao wote. Mwaka 1953 aliolewa, na kanuni za utumishi wa kikoloni hazikumruhusu mwanamke aliyeolewa kubaki kazini. Akaondoka. Aliendelea kusoma samaki maisha yake yote na jina lake, Lowe-McConnell, hadi leo ni zito katika elimu ya samaki wa nchi za joto, ila ajira ya Jinja ilikuwa imekwisha kwa sababu ya pete.

Kama mwanamke wa Kiingereza mwenye shahada aliondolewa hivyo, fikiria nafasi ya kijana wa Kiafrika wa miaka hiyo. Waafrika walikuwepo kwenye utafiti: waliendesha boti, walivuta nyavu, walipanga sampuli na kutaja samaki kwa majina ambayo wageni waliyanakili. Ni nadra kuyakuta majina yao juu ya makala zilizochapishwa.

Daftari la 1960 linafunguliwa

Mwaka 1960 na 1961 mtafiti mmoja, Jack Talling, alipima Ziwa Victoria kwa uvumilivu mkubwa, mwezi baada ya mwezi: joto la kila kina, oksijeni, kiasi cha mwani. Aligundua kwamba kwa sehemu ya mwaka ziwa hujipanga matabaka, maji ya uvuguvugu juu na ya baridi chini, kisha upepo wa katikati ya mwaka huyachanganya. Wakati ule ungeweza kusema ni kazi ya kuchosha tu. Nani anahitaji kujua oksijeni ya mita 60 chini?

Basi, subiri. Miaka 30 ikapita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtafiti wa Uganda, Rose Mugidde, alirudi kupima mwani wa ziwa lilelile kwa ajili ya shahada yake ya uzamili. Alipolinganisha na vipimo vya Talling, alikuta uzalishaji wa mwani umepanda takriban maradufu. Wakati huohuo Robert Hecky na wenzake wakaonyesha kuwa maji ya chini sasa yanakosa oksijeni kwa muda mrefu zaidi kuliko zamani. Mbolea, udongo na uchafu kutoka nchi kavu vilikuwa vimelirutubisha ziwa kupita kiasi. Kila mvuvi alikuwa ameona maji yamekuwa ya kijani. Ila ushahidi ulipatikana kwa sababu mtu alishinda kwenye boti mwaka 1960, na mtu mwingine, mwanafunzi wa uzamili kama wengi wetu hapa, akarudia kipimo kilekile.

Mwanza nako kuna hadithi inayofanana. Kuanzia mwaka 1977 timu ya Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, ilihesabu na kuchora furu wa ghuba ya Mwanza, vile visamaki vidogo vyenye spishi mamia. Kazi ilipoendelea, sangara, aliyepandikizwa ziwani tangu miaka ya 1950, aliongezeka kwa kasi kubwa. Furu wakaanza kutoweka mbele ya macho ya watu waliokuwa wanawahesabu. Inakadiriwa spishi kama 200 zilipotea. Watanzania nao walikuwa kwenye kazi hiyo, na safari hii majina yao yapo juu ya makala, kwa mfano Egid Katunzi wa TAFIRI. Bila hesabu ya kabla ya mlipuko wa sangara, leo tusingejua hata tumepoteza nini.

Jumuiya inavunjika, vituo vinagawanywa

Hapo katikati siasa iliingia. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na EAFRO na EAMFRO zikafa nayo. Uganda ilibaki na majengo ya Jinja. Zanzibar, kilichokuwa kituo cha EAMFRO kikarithiwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikawa Taasisi ya Sayansi za Bahari mwaka 1978. Kwa uvuvi, Bunge lilitunga sheria mwaka 1980 iliyoanzisha Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, TAFIRI. Mwaka huohuo ikazaliwa TAWIRI, ya wanyamapori.

Kwa watu wa Mara jambo hili linagusa nyumbani. Kituo kimojawapo cha TAFIRI kiko Sota, kwenye mwambao karibu na Shirati. Leo ni wilaya ya Rorya, lakini hadi mwaka 2007 eneo lile lote lilikuwa Tarime. Yaani wilaya inayosifika kwa ng'ombe ilikuwa pia na kituo cha utafiti wa samaki, na wengi waliokulia milimani kwa juu hawakujua.

Upande wa Serengeti hali ilikuwa tofauti kidogo. Utafiti wa wanyama ulianza Seronera miaka ya 1960 na haukukatika. Tuna hesabu za nyumbu na simba zinazorudi nyuma zaidi ya nusu karne. Mto unaowanywesha haukupata bahati hiyo. Kipimo cha wingi wa maji pale Mara Mines, chini ya hifadhi, kina kumbukumbu zinazoanzia karibu mwaka 1970, ila zina mapengo mengi. Na kujua maji ni mengi kiasi gani hakukuambii kama yana oksijeni.

Kurudi kwenye maji meusi

Tunarudi Machi 2022. Serikali, kupitia waziri wa mazingira Selemani Jafo, iliunda kamati ya watu 11 chini ya Profesa Samwel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ndani ya siku chache kamati ikatoa jibu: oksijeni ilishuka kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa mifugo mingi pamoja na mimea iliyooza. Mitandaoni watu walicheka, wengine walikasirika. Ng'ombe wamekunywa mto huu tangu enzi za mababu, walisema, iweje waue samaki leo? Wengi walishuku mgodi wa dhahabu wa North Mara, na shaka hiyo haikutoka hewani: mwaka 2009 maji ya mgodi yaliwahi kuvuja kuelekea Mto Tigithe, tawi la Mara. Kamati ilisema safari hii mgodi hauhusiki.

Sitasimama hapa kama hakimu. Ninachoweza kueleza ni kwamba kisayansi, kinyesi kinaweza kuua samaki, na Mto Mara wenyewe ulishatoa ushahidi. Christopher Dutton na Amanda Subalusky, waliofanya kazi Mara wakiwa wanafunzi wa uzamivu Yale, Marekani, walichapisha mwaka 2018 utafiti kuhusu viboko zaidi ya 4,000 wa upande wa Kenya. Kiangazi, kinyesi chao kinarundikana kwenye madimbwi. Bakteria wanakila na kumaliza oksijeni yote chini. Mvua kubwa ikija ghafla, inazoa uchafu ule na kuusukuma chini, na samaki wanakosa pumzi. Mwaka mmoja kabla walikuwa wameonyesha kwamba nyumbu wanaozama wakati wa kuvuka ni wastani wa zaidi ya 6,000 kwa mwaka, na mizoga yao ni chakula cha mto mzima.

Lakini kwamba jambo linawezekana si sawa na kuthibitisha kwamba ndilo lililotokea. Ili kuthibitisha unahitaji kuonyesha oksijeni ya Februari, ya mwaka jana, ya mvua za miaka mitano iliyopita, pamoja na metali na kemikali za migodini kwa tarehe hizohizo. Kamati yoyote inayoitwa baada ya samaki kufa inafika ikiwa imechelewa, hata iwe na maprofesa hodari vipi. Na wananchi nao, kama hawajawahi kuona mtu akipima mto wao siku za kawaida, watamwaminije anayekuja siku ya msiba?

Kwa hiyo bahari iko wapi?

Anayeuliza bahari iko wapi huku, kwa kweli anauliza kama kazi hii inamhusu mtoto wa Tarime au Serengeti. Historia inajibu kwamba inamhusu, tena sana, ila imefanywa zaidi na watu waliokuja na kuondoka.

Njia sasa ipo wazi kuliko wakati wa Rosemary Lowe. Kidato cha tano na sita, PCB au CBG inakuweka kwenye biolojia ya maji. Ukipenda mikondo na mawimbi, fizikia na hisabati ndizo zitakazokubeba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sayansi za maji na uvuvi, na taasisi yake ya Zanzibar inapokea wanafunzi wa shahada za juu. Chama cha wanasayansi wa bahari cha WIOMSA, kilichoanzishwa mwaka 1993 na chenye makao Zanzibar, kimekuwa kikitoa ruzuku za utafiti hata kwa wanafunzi. Asiyefika chuo kikuu ana Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi, FETA, yenye kampasi hadi Gabimori, Rorya.

Ajira za kudumu bado ni chache, tusidanganyane. Miradi ya miaka mitatu ni mingi kuliko vituo vya miaka 30, na mradi ukiisha boti linaegeshwa na kipimo kinakatika. Hilo ndilo la kudai kwa wabunge, halmashauri na vyuo: mtu mwenye mshahara, kifaa cha kupima oksijeni, na kumbukumbu za kila wiki kutoka Mara Mines hadi daraja la Kirumi, zilizo wazi kwa mwanakijiji yeyote kuzisoma. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kamati za dharura. Na mto ukibadilika rangi tena, kutakuwa na kitu cha kulinganisha.