MTUNGI WA HAIDROJINI: ULIVYOANZA, NA HATARI YAKE

Mwalimu wenu na aandike ubaoni neno moja: HAIDROJINI. Lisomeni polepole, kisha tuendelee.

Haidrojini ni gesi nyepesi kupita gesi zote. Haina rangi wala harufu. Mwingereza Henry Cavendish aliieleza mwaka 1766. Tarehe 27 Agosti 1783 Mfaransa Jacques Charles aliijaza katika puto, likaruka kutoka Paris, likaanguka katika kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walidhani ni mnyama wa ajabu, wakalishambulia kwa zana zao za shambani, wakalirarua. Msiwacheke, nani alikuwa amewaeleza?

Zama hizo gesi ilitengenezwa pale pale palipotakiwa, kwa kumwagia vipande vya chuma tindikali. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa. Basi majeshi yakatafuta njia ya kuibeba. Mwaka 1885 Waingereza walipopigana Sudani walipeleka maputo Suakin, bandari ya Bahari ya Shamu. Gesi yake ilikuja kwa meli kutoka Uingereza, imeshindiliwa ndani ya mitungi ya chuma.

Hapo kwenye kushindilia ndipo hatari ilipoanzia. Hewa iliyomo katika tairi la motokaa imebanwa mara 2 au 3 tu. Gesi ya mtungi wa siku hizi hubanwa mara 150, hata 200. Mtungi ukianguka na koki ikavunjika, gesi hutoka kwa nguvu, na mtungi wenyewe huruka kama kombora. Kwa hiyo, wewe utingo, kabla ya kupakia funga koki, rudishia kofia yake ya chuma, simamisha mtungi, uufunge kwa mnyororo. Usiubwage. Usiubebe ndani ya gari lililozibwa pande zote, maana gesi ikivuja itakosa pa kutokea. Rangi za mitungi hutofautiana nchi kwa nchi, basi usiamini rangi peke yake. Soma jina lililoandikwa.

Ikichanganyika na hewa, hata sehemu 4 tu katika 100, gesi hii huwaka kwa cheche ndogo usiyoweza kuiona. Tarehe 8 Januari 2007, huko Ohio, Marekani, lori lilileta haidrojini kwenye kituo cha umeme, ambako hutumika kupoza mitambo. Kisahani cha usalama kilipasuka kabla ya wakati wake. Gesi ikatoka kwa wingi, ikalipuka. Dereva aliyeileta alikufa, na watu wengine 10 wakaumia. Dereva yule hakuwa fundi wa umeme. Alikuwa mtu wa kupeleka mzigo, kama wengi wenu.

Jambo moja zaidi. Mchana moto wa haidrojini karibu hauonekani kabisa. Huko Marekani, wafanyakazi wa roketi walikuwa wakitembea wametanguliza ufagio mbele yao. Ufagio ukishika moto, walijua pana ndimi za moto hapo, wakarudi nyuma.