Njia Moja Katika Theluji

Sisi tuliokulia kwenye njia za vumbi na matope hatuoni ajabu mtu kukanyaga alipokanyaga mwenzake. Ndivyo njia inavyozaliwa: wa kwanza hulaza majani, wa pili huyavunja, na baada ya mwaka imekuwa njia ya wote. Lakini katika nchi za theluji, kukanyaga njia ya mwenzako kwaweza kuwa kosa. Huko Kanada na kaskazini ya Marekani pana mvutano wa miaka mingi baina ya watu wawili wanaopenda msitu ule ule wakati wa baridi: anayeteleza kwa skii na anayetembea kwa viatu vya theluji. Ni ugomvi mdogo, hapana shaka. Hata hivyo, ukiufuatilia nyuma hadi asili yake, unafunza jambo kuhusu nani hasa aitwe mwenye njia.

Skii ni mbao mbili ndefu na nyembamba, zilizopindwa juu kwenye ncha, ambazo mtu hujifunga miguuni akateleza. Kiatu cha theluji ni fremu pana iliyosukwa kamba katikati, mfano wa ungo; hutandaza uzito wa mtu ili asizame. Vyote viwili ni vya kale mno. Huko Kalvträsk, Uswidi, ilichimbuliwa skii yenye umri wa miaka ipatayo 5,200. Mwaka 2003, katika barafu ya milima ya Alps mpakani mwa Italia na Austria, kiliokotwa kiatu cha theluji cha karibu miaka 5,800. Kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba mwenzake ni mgeni duniani.

Amerika ya Kaskazini, hata hivyo, kiatu cha theluji ndicho kilichokuwa mwenyeji. Wacree, Waojibwe na Wainnu walipinda fremu za mbao na kuzisuka kwa ngozi mbichi, wakawinda na kuhama nazo majira yote ya baridi. Wazungu wa biashara ya manyoya walipofika walijifunza kwao, kwani bila viatu hivyo wasingetoka ngomeni. Mtu mmoja alitangulia akishindilia theluji kwa miguu, na nyuma yake wakafuata mbwa na mizigo. Usiku theluji ile iliyoshindiliwa ilishikamana ikawa ngumu, na kesho yake safari ilikuwa nyepesi. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Skii zilikuja baadaye, pamoja na wahamiaji kutoka Norwei. Aliyevuma zaidi ni John Thompson, mzaliwa wa Telemark mwaka 1827. Kuanzia 1856 alibeba barua mgongoni kuvuka milima ya Sierra Nevada, kutoka Placerville, California, hadi Genoa, mwendo wa kilomita 145 hivi, kwa majira ya baridi karibu 20. Aliomba serikali imlipe ujira wake, akafa mwaka 1876 bila kulipwa. Watu walimwita Snowshoe Thompson, yaani Thompson wa Viatu vya Theluji, ilhali alivaa skii! Zama zile, katika machimbo ya dhahabu, vitu hivi viwili vilikuwa na jina moja. Hapakuwa na haja ya kuvitenga, kwa kuwa adui alikuwa mmoja, nayo ni theluji yenyewe.

Hata michezo ilipoanza, utengano haukuwa mkubwa. Klabu ya viatu vya theluji ya Montreal ilianza miaka ya 1840. Ile ya skii ilifuata mwaka 1904. Herman Smith-Johannsen, Mnorwei aliyezaliwa 1875 na kufariki 1987 akiwa na miaka 111, alikata njia ndefu ya skii katika vilima vya Laurentides miaka ya 1930. Jina lake la utani, Jackrabbit, yaani sungura, yasimuliwa kwamba alipewa na Wacree, aliosafiri miongoni mwao. Mtelezaji mkuu wa nchi alikuwa mwanafunzi wa watembeaji.

Kilicholeta fitina ni mashine. Siku hizi gari zito la minyororo hupita usiku likisawazisha theluji na kuchonga mifereji miwili ambamo skii hupita. Kisha ukaja mtindo wa kusukuma miguu kwa pembeni, uliovuma baada ya Mmarekani Bill Koch kutwaa Kombe la Dunia mwaka 1982. Huo ulidai njia pana na laini. Wakati huo huo, fremu za aluminiamu zilizoanza kuenea miaka ya 1970 ziliufanya utembeaji kuwa rahisi kwa kila mtu. Wengi walikutana mahali pamoja. Mtembeaji akikanyaga mfereji, nyayo zake huganda usiku zikawa mashimo. Mtelezaji ateremkaye kilima hawezi kusimama ghafla. Ncha ya skii ikinasa, huanguka vibaya. Na aliyelipa ada ili njia itengenezwe huona mali yake imeharibiwa.

Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Ile mashine, kwa hakika, hufanya kazi iliyofanywa kwanza na mguu wa mtembeaji: kushindilia, kisha kuuachia usiku ukamilishe. Kumwambia mtembeaji kwamba msitu si wake ni kumfukuza aliyefungua mlango.

Mahali penye busara pamepata suluhisho. Bustani ya Gatineau karibu na Ottawa ina njia za skii karibu kilomita 200, na watembeaji wametengewa zao. Pale ambapo njia ni moja, kanuni ni chache: mtembeaji ashike ukingo na asikanyage mfereji, ampishe ateremkaye, naye mtelezaji atoe sauti mapema, apunguze mwendo na ashukuru. Na theluji mpya ikianguka usiku kucha, mashine isipofika, anayetangulia asubuhi ndiye hufungua njia kwa wote, awe amevaa skii au viatu.