Samaki Mmoja, Majina Matatu: Ushirikiano wa Uvuvi katika Ziwa Victoria

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Ziwa Victoria halikuvunjika pamoja nayo. Tanzania ina asilimia 51 ya eneo lake, Uganda 43 na Kenya 6, na samaki hawajui mipaka hiyo. Utafiti wa pamoja, ambao makao yake yalikuwa Jinja, ulibaki bila mlezi. Kamati ndogo ya FAO iliziba pengo kwa kiasi, hadi nchi hizo tatu zilipotia saini mjini Kisumu, tarehe 30 Juni 1994, mkataba ulioanzisha Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria.

Baadaye nchi hizo zilikubaliana hata juu ya kipimo: sangara avuliwe akiwa na urefu wa sentimita 50 hadi 85. Jina ni suala jingine. Sangara wa Mwanza ni mbuta Kisumu na mputa Uganda. Dagaa huitwa omena, na kwingine mukene. Mkataba wenyewe uliandikwa kwa Kiingereza, lugha isiyosikika sana mwaloni. Kwa mvuvi, basi, sheria ni ile anayofasiriwa na afisa kwa mdomo, pengine siku ileile nyavu zake zinapochomwa moto.