Tovuti Kwanza: Kosa la Myntra na Hoja ya Wauza Programu

Wanaowashawishi wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Nairobi watengenezewe programu tumishi huegemea dai moja: mwenye simu janja hutumia muda wake mwingi ndani ya programu, si kwenye kivinjari, basi duka lisilo na programu halionekani. Nusu ya kwanza ya dai hilo sina ubishi nayo. Nusu ya pili haizaliwi na ya kwanza. Muda huo humezwa na programu chache, WhatsApp na Instagram zikiwa mbele, na sijaona ithibati kwamba duka la viatu la Kariakoo litaambulia hata dakika moja.

Mjadala wenyewe si mpya. Mwaka 2010 jarida la Wired, chini ya Chris Anderson, lilitangaza kifo cha wavuti. Mwaka 2012 Mark Zuckerberg wa Facebook alikiri kwamba kutegemea mno HTML5, yaani teknolojia ya kurasa za wavuti, badala ya programu halisi za simu, lilikuwa kosa kubwa la kampuni yake. Kauli hiyo hunukuliwa hadi leo kana kwamba ni hukumu kwa kila biashara. Lakini Facebook hufunguliwa mara kadhaa kwa siku, ilhali mnunuzi wa samani huenda asirudi dukani mwaka mzima. Kupima duka la samani kwa kipimo cha Facebook ni udhaifu wa hoja, na nchini India udhaifu huo uligeuka hasara.

Myntra, kampuni ya mavazi iliyonunuliwa na kampuni ya biashara ya mtandaoni ya Flipkart mwaka 2014, ilifunga tovuti yake Mei 2015 na kubaki na programu pekee. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kitakwimu: zaidi ya asilimia 90 ya ziara zilitoka kwenye simu, pamoja na takriban asilimia 70 ya mauzo. Waliozisoma takwimu hizo wakaona ushindi wa simu. Zisomwe tena. Ikiwa ziara zisizofika asilimia 10 zilileta karibu asilimia 30 ya mauzo, basi ziara moja ya kompyuta ilizaa mauzo karibu mara nne ya ziara moja ya simu. Inawezekana, bila shaka, kwamba wengi walichagua nguo kwenye simu wakaja kulipia kwenye kompyuta. Hilo nalo linaiumiza Myntra zaidi, kwa kuwa maana yake ni kwamba kampuni ilifunga mlango ambapo wateja wake walikuwa wakimalizia manunuzi. Mnamo Juni 2016 tovuti ya kompyuta ilirejeshwa. Ile ya simu ilikuwa imetangulia miezi michache.

Flipkart yenyewe, iliyokuwa imefunga tovuti yake ya simu, iliirudisha Novemba 2015 kwa jina la Flipkart Lite: tovuti inayoweza kuwekwa kwenye skrini kama programu na kufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Google ilitangaza kwamba waliofika kupitia alama hiyo ya skrini walinunua kwa kiwango kilichozidi cha wengine kwa asilimia 70. Takwimu hiyo inanifaa, lakini siitegemei, kwa sababu anayeweka alama ya duka kwenye skrini yake ni mpenzi wa duka tangu hapo. Kasoro hiyohiyo inalitia doa tangazo la kila siku kwamba wenye programu hununua zaidi. Programu haikuwafanya wateja waaminifu, iliwachuja.

Nitajibiwa kwa M-Pesa, iliyoshinda bila kuhitaji tovuti. Ni kweli, ila haikuhitaji programu pia. Ilianza Kenya Machi 2007 kwenye menyu ya laini ya simu, na Tanzania mteja wa Vodacom angali anabonyeza *150*00#. Programu kubwa ya Safaricom ya mwaka 2021 iliwakuta mamilioni waliokwisha kuizoea huduma.

Zipo biashara zisizo na budi kuwa na programu: usafiri unaofuatilia gari njiani, kwa mfano. Hoja kwamba programu humfikia mteja kwa arifa, iliyokuwa na uzito, imepungua nguvu tangu Machi 2023, Apple ilipoziruhusu tovuti zilizowekwa kwenye skrini ya iPhone kutuma arifa. Ada za maduka ya programu (dola 25 mara moja kwa Google, dola 99 kila mwaka kwa Apple) ni ndogo. Gharama kubwa ni fundi wa kuifanyia programu marekebisho kila mfumo wa simu unapobadilika, na mteja ambaye simu yake imejaa picha na kifurushi chake kinakaribia kwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kusaini mkataba wa programu, mwenye duka amwombe mshauri wake takwimu moja tu: wateja wangapi walirudi zaidi ya mara moja mwezi uliopita. Wakiwa wachache, fedha hizo ziende kwenye tovuti nyepesi inayofunguka haraka kwenye simu ya bei ndogo.