Kufichwa si Kufungwa: Iterbiamu na Hoja ya Elektroni za 4f

Vitabu vingi vya kiada vya kemia isokaboni huzimaliza lanthanidi zote kwa kurasa chache. Elektroni za 4f, tunaambiwa, zimefichwa ndani ya atomu nyuma ya zile za 5s na 5p. Kwa hiyo hazishiriki katika kuunda vifungo, valensi ya kila elementi katika safu hiyo ni 3, na kinachozitofautisha ni ukubwa wa ioni unaopungua taratibu kutoka lanthanamu hadi lutetiamu, mnyweo ambao Victor Goldschmidt aliupa jina mwaka 1925. Mnyweo huo haubishaniwi, wala si lazima kuupitia upya hapa. Ninachokipinga ni kule kuruka kutoka kufichwa hadi kutoshiriki. Kufichwa ni habari ya mahali elektroni ilipo. Kushiriki ni habari ya nishati. Iterbiamu, elementi ya 70, inaonyesha jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kwenda njia tofauti.

Tuanze na metali yenyewe. Thuliamu, jirani wa kushoto, ina densiti ya gramu 9.3 kwa sentimita ya ujazo na huyeyuka kwenye nyuzi 1545 za Selsiasi. Lutetiamu, jirani wa kulia, ina densiti ya 9.8 na huyeyuka kwenye nyuzi 1663. Iterbiamu, iliyo katikati yao, ina densiti ya takriban 7, huyeyuka kwenye nyuzi 824, na kufikia nyuzi 1196 inachemka, wakati lutetiamu huhitaji zaidi ya nyuzi 3,000. Hakuna mnyweo wa taratibu unaoweza kueleza shimo la namna hii. Maelezo yanajulikana: iterbiamu hutoa elektroni mbili tu kwa ajili ya kuiunganisha metali na kubaki na ganda la 4f lililojaa elektroni 14. Kitabia inakaribia kalsiamu kuliko jirani zake. Huyeyuka katika amonia ya kimiminika na kuipa rangi ya buluu, na ioni yake ya Yb²⁺ ina nusu-kipenyo cha pikomita 102, dhidi ya 100 za kalsiamu.

Watetezi wa mtazamo wa kawaida hulijua jambo hili, na wana jibu tayari: iterbiamu, pamoja na europiamu, ni vighairi, kwa sababu ganda lililojaa au lililojaa nusu lina uthabiti wa pekee. Jibu hilo linabomoa nyumba linayoitetea. Ukisema kwamba ujazo wa ganda la 4f ndio unaoamua valensi ya iterbiamu, umekubali kwamba elektroni za 4f zina sauti katika valensi. Kung'oa elektroni ya tatu kutoka iterbiamu kunagharimu elektroni-volti 25.05, gharama kubwa kuliko katika lanthanidi nyingine yoyote. Katika oksidi, Yb₂O₃, nishati ya kimiani cha fuwele hulipa gharama hiyo, na valensi huwa 3. Katika metali hailipwi, na valensi hubaki 2. Hesabu hiyohiyo hufanyika katika kila lanthanidi. Katika nyingi jibu hutoka 3 mara kwa mara, nasi tukalichukua jibu kama sifa ya kuzaliwa nayo.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi ni ule wa kanieneo, kwa sababu hapo kemikali haibadilishwi hata kidogo: ni iterbiamu ileile, inakandamizwa tu. Ukinzani wake wa umeme hupanda kadiri kanieneo inavyoongezeka, kiasi kwamba metali hii huanza kuwa na tabia ya nusukipitishi. Kisha, karibu na gigapaskali 4, mpangilio wa atomu hubadilika na ukinzani huporomoka. Ufyonzaji wa eksirei unaonyesha kinachoendelea ndani. Iterbiamu yenye valensi 2 na ile yenye valensi 3 hutoa vilele viwili tofauti katika spektra, na kanieneo inapoongezeka kilele cha pili hukua huku cha kwanza kikififia. Atomu zikibanwa, ganda lililojaa huwa anasa ghali, na elektroni ya 4f huanza kuingia katika kuunganisha metali. Vipimo vya mapema, vya miaka ya 1980, vilitoa picha ya iterbiamu inayofikia valensi 3 karibu na gigapaskali 30. Kazi iliyochapishwa mwaka 2018 ilionyesha kwamba hata kwenye gigapaskali 125 valensi bado ni ya mchanganyiko, na kwamba juu ya gigapaskali 80 hivi metali hii hugeuka kuwa kipitishi-kamili kwenye joto la chini sana.

Atakuwapo wa kusema kwamba vilele viwili vinamaanisha aina mbili za atomu zilizokaa pamoja, na kwamba valensi ya 2.5 ni wastani wa kihesabu tu. Hoja hiyo ina nguvu katika misombo michache. Katika YbAl₃ haina: fuwele yake ni ya mchemraba, kila atomu ya iterbiamu iko mahali palepale kimfumo, na hata hivyo vilele vyote viwili vinaonekana. Nao msombo YbInCu₄ unatoa ushahidi wa wazi zaidi. Ukipoozwa hadi karibu kelvini 42, unatanuka ghafla kwa takriban nusu asilimia bila kubadili aina ya fuwele, kwa kuwa valensi inashuka kutoka karibu 3 na atomu za iterbiamu zinakuwa kubwa zaidi. Joto peke yake limebadili valensi.

Wala si iterbiamu tu. Seriamu, ambayo haina ganda lililojaa wala lililojaa nusu, hupoteza karibu asilimia 15 ya ujazo wake kwenye takriban gigapaskali 0.8. Salfidi ya samariamu, SmS, iliyo nyeusi, hugeuka rangi ya dhahabu kwenye gigapaskali 0.65. Vighairi vinapofika vinne katika safu fupi kama hii, kanuni ndiyo ya kuchunguzwa.

Ushahidi mwingine unatoka kwenye saa za atomu. Mwaka 1997 maabara ya taifa ya vipimo ya Uingereza, NPL, iliweza kuichochea ioni moja ya Yb⁺ kwa leza ya nanomita 467, ikaihamisha elektroni moja kutoka 4f hadi 6s. Hali hiyo iliyochochewa hudumu kwa wastani wa mwaka mmoja na nusu hivi. Mpinzani atauchukua muda huo mrefu kama ushindi wake: elektroni imezikwa mno. Kwa maoni yangu, muda huo unapima jinsi mpito ulivyo mgumu. Haupimi umbali wa nishati. Nishati yenyewe ni ya fotoni moja ya mwanga wa buluu, karibu elektroni-volti 2.65, kiwango cha kawaida kabisa katika kemia.

Ninakiri kwamba ndani ya maji mtazamo wa zamani unasimama vizuri. Atakayetenganisha metali za ardhi adimu kutoka udongo wa Makuutu nchini Uganda atakutana na ioni za valensi 3 zinazofanana kiasi cha kuchosha, na atahitaji hatua nyingi mno za kuzichuja kwa viyeyusho. Lakini hata humo mlango upo. J. K. Marsh wa Oxford, katika miaka ya 1940, aliitenga iterbiamu na jirani zake kwa kuipunguza hadi valensi 2 kwa malgamu ya sodiamu. Leo wanaotengeneza lutetiamu-177 kwa ajili ya matibabu ya saratani ya tezi dume wanakabiliwa na kazi iliyo ngumu zaidi: kuokota chembe za lutetiamu ndani ya shehena ya iterbiamu-176 iliyopigwa neutroni. Miongoni mwa njia zilizopo ni hiyo ya malgamu, na nyingine ni kuichemsha iterbiamu iondoke kama mvuke, jambo linalowezekana kwa sababu tu metali hiyo imegoma kutoa elektroni yake ya tatu.

Ninapendekeza, basi, kwamba safu ya "valensi" iondolewe kwenye majedwali ya sifa za atomu za lanthanidi, na mahali pake ziwekwe nishati za uionishaji pamoja na nishati ya kuihamisha elektroni kutoka 4f hadi 5d. Huenda pendekezo hili linakwenda mbali kuliko data za elementi chache zinavyoruhusu. Jaribio la kulipima lipo: vipimo vya valensi ya iterbiamu juu ya gigapaskali 125. Ikipanda hadi 3 na kutulia hapo licha ya kubanwa zaidi, wapinzani wangu watakuwa na haki ya kudai kwamba 3 ndiyo valensi ambayo safu nzima huielekea, nami nitapaswa kulibana dai langu libaki kwenye metali za kanieneo ya kawaida.