Mbolea, Mboji na Rutuba: Maneno Matatu na Udongo wa Upare

Mtafsiri anayekabidhiwa kijitabu cha kilimo hukutana mapema na maneno matatu ambayo wengi huyatumia kana kwamba ni neno moja: mbolea, mboji na rutuba. Katika makala haya tunakusudia kuyatenganisha, na tutayapima katika ardhi yenyewe, yaani milima ya Upare na tambarare za Same.

Rutuba tumeipokea kutoka Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Kiswahili kimelihamisha neno hilo hadi kwenye uwezo wa ardhi wa kuotesha, wala uhamisho huo si wa kubahatisha. Shengena, kilele chenye mita 2,462, kina msitu, baridi na ukungu. Mji wa Same umo katika kivuli cha mvua. Mwaka 1956 H. F. Birch na M. T. Friend walichapisha uchunguzi wao juu ya mabaki ya viumbe na naitrojeni katika udongo wa Afrika Mashariki, wakauhusisha wingi wake na mvua na mwinuko wa mahali. Penye baridi uozo huenda polepole, na mboji hulimbikizana. Penye joto huliwa upesi.

Mwaka 1958 Birch alieleza jambo jingine. Udongo uliokauka unapoloweshwa, vijiumbe huamka kwa ghafla, huimeng'enya mboji na kuachia naitrojeni ambayo mimea huweza kuitumia. Kwa hiyo mvua za kwanza za vuli na masika huja na neema yake, na mkulima anayechelewa kupanda huikosa, kwani mvua zinazofuata huizamisha chini ya mizizi. Hapo unyevu na rutuba hukutana tena.

Mbolea, kwa upande wake, ni neno lenye sura ya Kibantu; shina lake lafanana na kitenzi -bola, yaani kuoza, katika Kibemba na Kizulu. Wapare wa milimani waliifahamu maana hiyo kwa vitendo: samadi ya zizini ilipelekwa migombani, na maji ya ndiva yakamwagiliwa mashambani. Hata hivyo ardhi yao haikusalimika. Utafiti wa Matthias Heckmann, uliochapishwa mwaka 2014, umefuatilia matumizi ya ardhi na mmomonyoko katika Upare Kaskazini kwa muda wa miaka elfu mbili, pamoja na kilimo, uyeyushaji wa chuma na misafara ya biashara. Udongo wa juu ukichukuliwa, mboji huchukuliwa nao.

Mwaka 1909 Fritz Haber alifaulu kuunda amonia kutokana na naitrojeni ya hewani, na viwanda vikafuata. Katika miaka ya 1970 hata Tanga ilikuwa na kiwanda chake cha mbolea. Tangu hapo neno moja limebeba vitu viwili: kile kinacholisha mmea na kile kinachojenga ardhi. Afisa akiandika "tia mbolea" bila kufafanua, mwenye samadi aweza kukopa fedha za mfuko, na mwenye mfuko aweza kuchoma mabua ambayo yangemfaa shambani. Salfeti ya amonia ina naitrojeni kiasi cha asilimia 21, lakini si mboji, na ikitumiwa mfululizo bila chokaa huongeza asidi ya udongo.

Jina la naitrojeni lenyewe latufunza hadhari. Lavoisier aliiita gesi hiyo kwa neno lenye maana ya "isiyo na uhai". Wajerumani huiita kitu kinachosonga pumzi. Kumbe hakuna kiumbe kinachoishi bila hiyo. Afadhali basi sauti ya kigeni isiyodai lolote.

Kwa sababu hiyo hatupendi "maada hai" kwa vitu vinavyooza udongoni, kwani sehemu kubwa yake ni mfu. "Kilimo hai" limekwisha kuzoeleka, na libaki. Tunapendekeza yafuatayo: mabaki ya viumbe ni jumla ya vitu hivyo, mboji ni yale yaliyokwisha kuoza na kugeuka meusi, samadi ni kinyesi cha mifugo, mbolea ya viwandani ni ile ya mfuko, na rutuba ni hali ya ardhi, si kitu cha kununuliwa. Mwandishi wa maagizo ya kilimo hana budi kutaja ni ipi anayoikusudia.