Waarabu wa Unguja na Mlango wa Uingereza

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Wazee wa jumuiya yetu walipotaka kitabu hiki cha ukumbusho kiwe na mlango wa tarikh, niliona isiwe tarikh ya wafalme na vita peke yake, bali iwe pia tarikh ya karatasi. Hapa Dzaleka hapana nyumba isiyokuwa na karatasi zake zilizofungwa katika mfuko wa nailoni na kuwekwa chini ya godoro, wala haipiti jioni barazani asiwepo mtu wa kuuliza: fulani amepataje viza, na fulani ameikosaje? Baadhi ya vijana wetu hudhani ya kuwa mlango wa Ulaya hufunguliwa kwa rangi au kwa mali, na wengine husema kwamba Waarabu hawaulizwi kitu. Basi nimechukua mfano wa Waarabu hasa, tena Waarabu waliosema lugha hii yetu ya Kiswahili, ili msomaji aone mwenyewe ya kuwa mwombaji wa viza haulizwi sana yeye ni nani. Huulizwa ni dola gani iliyosimama nyuma yake.

Zamani haikuwa hivyo. Salim bin Abdallah, aliyekuja kuitwa Jumbe, alifika Nkhotakota katika miaka ya 1840 akaweka makao yake ukingoni mwa Ziwa Nyasa, na majahazi yakawa yakivuka maji yale yamejaa watu, pembe na nguo. Kwa masikitiko lazima tuseme kwamba yalivusha na watumwa pia. Dini yetu katika nchi hii imepita sana katika njia ile. Aliyevuka alihitaji ruhusa ya mwenye nchi, na ruhusa hiyo ilipatikana kwa mdomo, kwa zawadi na kwa mdhamini. Na mbele ya hayo tunakumbuka sote Masahaba waliohamia Uhabeshi mnamo mwaka wa 615, ambao Makureshi waliwafuata kwa wajumbe na zawadi ili warudishwe. Najashi hakutaka cheti. Alimwita Jaafar bin Abi Talib (R.A.) akamsikiliza, kisha akawarudisha wale wajumbe pamoja na zawadi zao. Paspoti kwa kila msafiri, kama tuijuavyo leo, ilienea Ulaya kwa sababu ya vita vya 1914, na vita vilipokwisha haikuondoka.

Turudi Unguja. Tangu mwaka wa 1890 Unguja na Pemba zilikuwa chini ya himaya ya Mwingereza. Mwarabu wa huko, kama alivyokuwa Mshirazi na Mswahili, alikuwa raia wa Sultani, na katika sheria ya Kiingereza aliitwa mtu wa himaya. Hakuwa Mwingereza. Himaya ilimpa mlinzi akiwa ugenini, lakini haikumpa haki ya kwenda kukaa London. Tofauti hiyo wachache tu waliijali, maana waliokwenda Uingereza walikuwa wanafunzi na watu wa serikali, nao walikwenda na kurudi.

Tarehe 10 Desemba 1963 Unguja ikapata uhuru, na himaya ikaondoka. Tarehe 12 Januari 1964, yaani siku 33 baadaye, serikali ile ikapinduliwa. Sababu za mapinduzi ni ndefu: ardhi, kumbukumbu za utumwa uliofutwa kwa sheria katika mwaka wa 1897 na usifutike nyoyoni, na uchaguzi wa Julai 1963, ambao chama kilichopata kura nyingi zaidi hakikupata viti vingi zaidi. Maelfu ya watu waliuawa, Waarabu wengi miongoni mwao, na hesabu yao inabishaniwa mpaka leo. Si kazi yangu hapa kuwahukumu waliokwisha kutangulia mbele ya Haki. Ninalotaka litazamwe ni hili: katika muda wa siku 33 watu walewale, katika nyumba zilezile, walitoka kuwa watu wa himaya ya Mwingereza wakawa raia wa dola huru, kisha wakawa watu ambao dola iliyowaandikia karatasi zao haipo tena.

Wa kwanza kuyaonja hayo alikuwa Sultani mwenyewe. Seyyid Jamshid bin Abdullah, aliyekalia kiti mwezi wa Julai 1963, aliondoka katika meli yake iliyoitwa Seyyid Khalifa akaelekea Mombasa. Msomaji na akumbuke kwamba Mombasa na mwambao wake ulikuwa milki ya Masultani wa Unguja kwa jina. Bendera yao nyekundu ilipepea juu ya Ngome ya Yesu, na ni yeye Jamshid aliyekubali katika mwezi wa Oktoba 1963 kuiachia Kenya nchi ile. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba. Mwezi mmoja baadaye mwenye bendera ile akafika bandarini, akakataliwa kushuka! Meli ikageuza ikaenda Dar es Salaam, na kutoka huko Sultani na jamaa zake wakapelekwa Uingereza kwa ndege. Aliingia kwa hisani ya serikali ya Kiingereza, maana haki iliyoandikwa hakuwa nayo. Baadaye akakaa Southsea, katika mji wa Portsmouth, nyumba ya kawaida katika mtaa wa kawaida.

Wasiokuwa masultani walikuta mlango mwembamba zaidi. Sheria ya 1962 ya wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilikwisha kuanza kazi, nayo iliwagusa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola na watu wa himaya pia. Aliyetaka kuhamia kwa kazi alihitaji vocha ya Wizara ya Kazi ya Uingereza. Vocha ya A ilikuwa ya mtu aliyekwisha kupata kazi kwa tajiri maalumu, ya B ilikuwa ya mwenye ufundi au elimu inayotakiwa, kama daktari, muuguzi na mwalimu, na ya C ilikuwa ya wengine wote. Hiyo ya C ndiyo iliyokuwa tumaini la mtu wa kawaida, na ndiyo iliyofutwa kabisa mwaka wa 1965, vocha zilipopunguzwa zikawa 8,500 kwa mwaka kwa Jumuiya ya Madola nzima, elfu moja katika hizo zikiwa za Malta. Mwanafunzi alikuwa na njia yake mbali. Ndiyo maana nyumba nyingi zilimtoa kwanza kijana mwenye cheti cha shule.

Mtu atauliza: kwani hawakuwa wakimbizi? Walikuwa wakimbizi kwa maana tuijuayo sisi wa Dzaleka. Lakini Mkataba wa Geneva wa 1951 uliandikwa kwa ajili ya watu waliokimbia mambo yaliyotokea kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na mambo ya Unguja yalitokea miaka kumi na mitatu baada ya tarehe hiyo. Kizuizi hicho kiliondolewa na Itifaki ya 1967. Kwa hiyo mtu aliyevuka usiku kwa ngalawa mpaka Tanga au Mombasa mwaka wa 1964 alikuwa amekimbia mapema kuliko sheria ambayo ingemtambua. Kila nisomapo jambo hili husimama kidogo, maana twazoea kudhani kwamba sheria humsubiri mwenye dhiki.

Wala mtu asidhani kwamba nchi za Kiarabu zilikuwa wazi kwa kuwa wao ni Waarabu. Wako Wamanga waliorudishwa kwa vyombo mpaka Arabuni mwaka uleule, lakini Sultani Said bin Taimur wa Maskati hakupenda kuwapokea wengi. Wengine wakatawanyika Dubai, Kuwait na Kairo, kila mmoja akitafuta nani atamwandikia karatasi. Mambo yaligeuka Julai 1970, Sultani Qaboos aliposhika utawala akawaita Waomani wa nje warudi kuijenga nchi. Waliotoka Afrika Mashariki wakaja na elimu yao, wakawa walimu, madaktari na maofisa, ingawa wengi wao Kiswahili kilikuwa chepesi ulimini kuliko Kiarabu. Na kilichowapa uraia kilikuwa nasaba. Aliyeweza kutaja ukoo wake na kijiji cha babu yake, na akapata wa kumshuhudia katika kabila, alipita. Wazee waliokuwa wakiwachosha watoto kwa majina ya mababu saba hawakujua ya kuwa wanawaandikia viza.

Kule Uingereza mlango ulizidi kubana. Mwezi wa Machi 1968 Bunge lilipitisha kwa siku chache sheria mpya, iliyowalenga hasa Wahindi wa Kenya waliokuwa na paspoti za Kiingereza. Tangu hapo paspoti hiyo peke yake haikutosha, ikawa lazima uwe na mzazi au babu wa huko. Mwaka huohuo alifika Abdulrazak Gurnah, kijana wa Unguja mwenye asili ya Kiarabu upande wa Yemen, hajatimiza bado miaka ishirini, akaja kusoma Canterbury. Hakurudi kuwaona jamaa zake mpaka 1984. Mwaka wa 2021 alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Katika riwaya yake iitwayo By the Sea, ya mwaka wa 2001, mzee wa Unguja anashuka uwanja wa ndege wa Gatwick kwa jina la mtu mwingine na paspoti isiyokuwa yake, tena amenyamaza kana kwamba hajui Kiingereza. Jina lile la kuazima ndilo linalomrudisha katika ugomvi wa zamani alioukimbia. Nakitaja kitabu hicho kwa sababu wauzaji wa karatasi wako kila mahali, na petu wapo.

Na leo? Seyyid Jamshid alikaa Uingereza zaidi ya miaka 56. Oman, nchi ya mababu zake, ilimruhusu kuja kukaa mwezi wa Septemba 2020, akafa huko tarehe 30 Desemba 2024, akiwa mzee wa miaka 95. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ama watoto wa ndugu waliotengana mwaka wa 1964, hali yao ni ya ajabu kuitazama. Aliyekuwa Mwomani, tangu Februari 2024, huenda Uingereza kwa matembezi kwa kupata idhini ya kielektroniki tu, kama raia wa Kuwait, Qatar, Bahrain, Saudia na Falme za Kiarabu, na hawa wa Falme za Kiarabu tangu Mei 2015 huingia nchi za Schengen pasipo viza kwa matembezi mafupi. Binamu yake aliyebaki Unguja akawa raia wa Tanzania lazima aombe viza, alipe, aonyeshe hesabu ya benki, angoje. Mwyemeni, Msudani na Mshamu nao ni Waarabu, lakini wao hungoja pamoja na Mtanzania.

Malawi, iliyopata uhuru tarehe 6 Julai 1964, mwaka wenyewe wa misukosuko hiyo, iliingia katika Mkataba wa Geneva mwaka wa 1987. Iliweka masharti juu ya ibara kadhaa, miongoni mwao ya kazi, ya mali na ya kutembea huru, na masharti hayo ndiyo yanayotuweka hapa Dzaleka tangu kambi ilipofunguliwa mwaka wa 1994, wala hayatuachi kuhamia Lilongwe tupendavyo. Lakini ibara ya 28, inayohusu hati ya kusafiria ya mkimbizi, haimo katika zile zilizowekewa masharti. Hati hiyo si viza, na nchi uendayo yaweza kukukatalia, na serikali inayoitoa yaweza kuizuia kwa ajili ya usalama wake. Hata hivyo, kiambatisho cha Mkataba, katika fungu la 13, kinailazimisha serikali iliyoitoa kumpokea tena mwenye hati wakati wowote hati ikiwa haijakwisha muda. Maneno hayo ndiyo aliyekosa kuwa nayo mtu wa ngalawa ya 1964, na ndiyo ofisa wa viza huyatafuta kwanza aifunguapo hati.